Namba 2,147,483,647: jinsi ya kuthibitisha kwa penseli kwamba ni tasa

Asubuhi moja pale mwaloni Kirumba, Mwanza, nilimkuta mama mmoja akipanga sato kwenye meza ya mbao. Alikuwa nao ishirini na watatu, na alitaka safu zinazolingana ili mteja ahesabu kwa jicho. Akapanga safu nne za watano watano, wakabaki watatu. Akavuruga, akapanga safu tatu za saba saba, wakabaki wawili.

"Mwalimu, samaki wa leo wakaidi," akaniambia.

"Shikamoo mama. Hao ni tasa."

Akanikata jicho, maana neno hilo halitaniwi mbele ya mwanamke mzima. Nikawahi kumweleza kwamba ni jina la darasani tu: namba tasa ni ile isiyokubali kupangwa kwa safu zinazolingana, labda umlaze kila mmoja kwenye mstari mmoja mrefu. Akamtoa sato mmoja, akamtia kwenye ndoo yake ya mboga. Waliobaki wakajipanga kumi na mmoja kumi na mmoja, biashara ikaendelea.

Ishirini na tatu unaimaliza kwa samaki. Lakini ukipewa 2,147,483,647 utafanyaje? Namba hii niliwahi kuwapa vijana wangu wa tuisheni, na wengi walidhani lazima uwe na kompyuta. Si kweli. Leonhard Euler, mwanahesabu wa karne ya 18, aliimaliza kwa mkono, akatoa taarifa katika barua ya mwaka 1772. Wewe una kikokotoo cha dukani, kwa hiyo huna sababu ya kulalamika. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye kugawanya. Uko kwenye kujua ni wapi usihangaike kugawanya, kama mvuvi asiyetupa nyavu kila mahali ziwani.

Utahitaji kaunta buku, penseli, na kikokotoo cha tarakimu nane, kile kidogo cha jua. Tenga jioni mbili au tatu. Simu tutaitumia mwishoni, na kwa jambo moja tu.

Kwanza, ijue namba yenyewe

Anza na 1, urudufu: 2, 4, 8, 16, 32. Ukirudufu mara thelathini na moja unafika 2,147,483,648. Toa moja, unayo namba yetu. Kwa maandishi ya hesabu ni 2³¹ − 1. Namba za sura hii, yaani mbili kwa kipeo fulani kasoro moja, huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo anavyodhani vinaleta namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha ilikuwa na makosa matano. Ya 67 na 257 si tasa, na alisahau 61, 89 na 107. Lakini 31 alipatia.

Kuna maswali mawili unayoweza kuyajibu kabla hujagawanya chochote. La kwanza, ina tarakimu ngapi? Zidisha kipeo kwa 0.30103, ambayo ni logi ya 2. Kwa 31 unapata 9.33. Ondoa desimali, ongeza moja: tarakimu kumi. La pili, inaishia na nini? Vipeo vya mbili huishia 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia. Gawa 31 kwa 4, baki ni 3, kwa hiyo 2³¹ inaishia na tarakimu ya tatu, 8. Toa moja, ni 7. Shika mbinu hizi mbili, tutazitumia kwa namba ambayo haiwezi kuandikwa kwenye daftari lolote utakalonunua Mwanza.

Halafu kikague kipeo

Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu. Kwa maandishi hayo 2³¹ − 1 ni moja thelathini na moja zilizopangana, bila sifuri hata moja katikati. Hapo unaona kwa nini kipeo lazima kiwe tasa. Chukua 2¹⁵ − 1, yaani 32,767. Ni moja kumi na tano. Kwa kuwa kumi na tano hukatika tatu tatu, unaweza kuziandika 111 111 111 111 111, na yeyote anaona kwamba 111 inaingia. Hiyo 111 ya kompyuta ni 7 yetu, na kweli 7 × 4,681 = 32,767. Ukizikata tano tano unapata 31 × 1,057. Kipeo kikikatika, namba nayo inakatika.

Thelathini na moja haikatiki, tumevuka kizuizi cha kwanza. Usishangilie bado. Kumi na moja pia ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Hii 2,047 ni rafiki yangu wa siku nyingi darasani. Kila kijana anayesema "mwalimu, kipeo ni tasa basi na namba ni tasa" namtuma kwake.

Mpaka wa kutafuta

Kama namba ina vigawo viwili, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na desimali. Kwa hiyo ukitafuta hadi 46,340 bila kupata kigawo, umemaliza. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu elfu tano, na nani ana muda wa kugawanya mara elfu tano? Sasa tunachagua pa kutupa nyavu.

Daladala ya vituo kumi na moja

Hapa ndipo penye utamu, twende polepole.

Chukua 23, kile kigawo cha 2,047. Anza na 1 na urudufu, lakini kila ukizidi 23 toa 23. Unapata: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 24 ambayo ni 1 tena. Umerudi ulikoanzia baada ya hatua 11, kama daladala iliyozunguka na kurudi stendi. Si bahati. Kwa kuwa 23 inagawa 2¹¹ − 1, lazima 2¹¹ iache baki la 1, yaani ukirudufu mara kumi na moja lazima urudi nyumbani.

Sasa angalia namba ambazo daladala haikuzipitia. Anza na 5: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, kisha 28 ambayo ni 5. Njia nyingine, vituo kumi na moja vilevile. Mabaki yote kuanzia 1 hadi 22 yamegawika njia mbili zenye urefu sawa, hakuna kilichobaki wala kilichojirudia. Ziandike mwenyewe kwenye kaunta buku, usiniamini mimi.

Kwa namba yetu mambo ni yaleyale. Ikiwa namba tasa q inagawa 2³¹ − 1, basi kurudufu kwa mabaki ya q kunazunguka vituo 31. Haiwezi kuwa pungufu, maana urefu wa njia lazima uigawe 31, na 31 haikatiki. Mabaki yote kutoka 1 hadi q − 1 yamegawanywa kwenye njia za vituo 31 kila moja. Kwa hiyo q − 1 inagawika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi inagawika kwa 62. Kigawo chochote tasa cha namba yetu lazima kiwe na sura 62k + 1. Nyuma ya hoja hii yupo Pierre de Fermat, aliyetaja kanuni yake ndogo mwaka 1640.

Kuna chujio la pili. Rudufu namba yetu: unapata 2³² − 2, yaani mraba wa 2¹⁶ kasoro mbili. Maana yake, kwa mabaki ya q, 2 ni mraba wa namba fulani. Hilo huwezekana tu kwa q ambayo ukiigawa kwa 8 inabakiza 1 au 7. Uthibitisho wake ni mrefu kidogo, nauacha, ila ujaribu kwa 7, 17 na 23 uone, kisha ujaribu kwa 3, 5, 11 na 13 uone inavyokataa.

Unganisha machujio mawili. Kigawo lazima kiwe na mojawapo ya sura hizi:

248n + 1
248n + 63

Chini ya 46,340, sura ya kwanza ina namba 186 (anza na n = 1), ya pili ina 187 (anza na n = 0). Jumla 373, na ya kwanza kabisa, 63, ni 9 × 7, itupe. Zimebaki 372. Kutoka karibu elfu tano mpaka 372 kwa kufikiri tu, bado hatujagawanya hata mara moja.

Kuchuja orodha

Andika namba hizo kwa safu mbili, ukiongeza 248 kila mara. Safu ya kwanza: 249, 497, 745, 993, 1241, 1489… Ya pili: 311, 559, 807, 1055, 1303, 1551… Kata zinazogawika kwa 3 (jumlisha tarakimu), zinazoishia na 5, kisha za 7, 11 na 13. Ukifanya kwa jicho utaona kwamba kwenye kila safu ya 3 inakuja kila baada ya hatua tatu, na ya 5 kila baada ya hatua tano, kwa hiyo baada ya chache za mwanzo unakata kwa mdundo, huhitaji kuhesabu tena.

Ukiacha kwa bahati mbaya namba isiyo tasa, hakuna madhara. Utaijaribu bure, basi. Hatari ni kukata iliyo tasa. Ukiendelea na 17, 19, 23 na kuendelea, mwisho zinabaki kama themanini hivi. Tano za mwanzo ni 311, 1303, 1489, 2543 na 2729. Katika kuchuja utakutana pia na 2,047, kwenye safu ya pili, n = 8. Ikate nayo: 23 × 89.

Kujaribu bila kuiandika namba yenyewe

Hapa nilianguka, wacha nisimulie. Kabla ya 31 nilijipa zoezi la 29: je, 2²⁹ − 1 = 536,870,911 ni tasa? Nikapata sura ya vigawo, nikaanza na cha kwanza kinachofaa, 233. Kikokotoo kikanipa baki la 178. Nikakipita. Nikaendelea na vingine mpaka nikachoka, na kwa wiki mbili nzima niliwatangazia vijana kwamba ni tasa. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaja na daftari: "Mwalimu, mbona 233 inaingia?" Kweli inaingia. 536,870,911 = 233 × 1,103 × 2,089. Mimi nilikuwa nimeandika 536,879,011. Sifuri na tisa zilibadilishana nafasi. Na ile hila ya kujumlisha tarakimu haikuweza kuniokoa, kwa sababu tarakimu zilizobadilishana nafasi zina jumla ileile, 40.

Tangu siku hiyo siiandiki namba kubwa kabisa. Naitafuta kwa mabaki tu. Tazama 233: 2⁸ ni 256, baki 23. Mraba wa 23 ni 529, toa 466, baki 63. Hiyo ni 2¹⁶. Zidisha 63 kwa 23, ni 1,449, baki 51; hiyo ni 2²⁴. Zidisha kwa 32 kufika 2²⁹: 1,632, na 233 × 7 ni 1,631. Baki 1. Toa moja, sifuri. Imeingia. Mistari minne, hakuna namba yenye tarakimu zaidi ya nne.

Kwa 31 nimeipanga hivi, na ndiyo sababu nilisema kikokotoo cha tarakimu nane kinatosha. Kwa kila q kwenye orodha:

Gawa 1,048,576 kwa q, chukua baki, liite A. (Hiyo 1,048,576 ni 2²⁰.)

Zidisha A kwa 1,024, gawa kwa q, chukua baki, liite B. Sasa umefika 2³⁰.

Linganisha B na nusu ya (q + 1). Zikiwa sawa, q ni kigawo, na namba yetu imevunjika. Zikitofautiana, pita.

Mstari wa mwisho unatoka wapi? Ukirudufu B unapata 2³¹, na tunataka iache baki la 1. B haizidi q, kwa hiyo njia pekee ni 2B = q + 1. Na namba kubwa kuliko zote utakayoiona kwenye kioo ni 46,340 × 1,024, milioni 47 na ushei, tarakimu nane kamili.

Kupata baki kwenye kikokotoo: gawa, shika namba kabla ya nukta, izidishe tena kwa q, kisha toa. Kwa 311: 1,048,576 ÷ 311 ni 3,371.6 na kitu. 3,371 × 311 = 1,048,381. Baki 195, hiyo ndiyo A. 195 × 1,024 = 199,680; 642 × 311 = 199,662; baki 18, hiyo ndiyo B. Nusu ya 312 ni 156. Kumi na nane si 156, basi 311 imekataa.

Zinazofuata, ujilinganishe nazo: 1303 inatoa A = 964, B = 765, na ilitakiwa 652. 1489 inatoa A = 320, B = 100, ilitakiwa 745. 2543 inatoa 860 na 762, ilitakiwa 1,272. 2729 inatoa 640 na 400, ilitakiwa 1,365. Zote zimekataa. Kila moja inachukua kama dakika mbili ukishazoea, kwa hiyo themanini si zaidi ya saa tatu. Mimi nilifanya barazani jioni, umeme ukiwa umekatika, na nakushauri ufanye na mwenzako: mmoja anapiga, mwingine anahakiki. Ukifika mwisho bila B kulingana hata mara moja, umethibitisha. Hujaambiwa na mtu, umethibitisha mwenyewe.

Njia ya pili, isiyotafuta kigawo

Njia ya Euler ina mwisho wake. Kwa 2⁶⁷ − 1 vigawo ni 193,707,721 na 761,838,257,287, ambavyo Frank Cole alivionyesha mbele ya wanahesabu wa Marekani mwaka 1903. Hebu fikiria kufikia huko kwa kikokotoo cha jua. Édouard Lucas, Mfaransa, alipata njia nyingine kabisa, akaitumia mwaka 1876 kuthibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Derrick Lehmer akainyoosha mwaka 1930. Haiulizi kigawo ni kipi. Inauliza tu kama kipo.

Anza na 4. Kila hatua: piga mraba, toa 2, chukua baki la kugawa kwa namba unayoichunguza. Fanya hivyo mara p − 2, p ikiwa kipeo. Ukiishia sifuri, ni tasa. Ukiishia kingine chochote, si tasa. Basi.

Tuijaribu kwa 2⁷ − 1 = 127, hatua tano. Na kuna njia ya mkato ya kupata baki: gawa kwa 128 badala ya 127, kisha jumlisha jibu na baki. Kwa sababu 128 imezidi 127 kwa moja tu, kila 128 unayoitoa unairudishia 1.

4 inatoa 16 − 2 = 14.
14 inatoa 196 − 2 = 194; hiyo ni 128 moja na 66, jumla 67.
67 inatoa 4,487. Hiyo ni 128 mara 35 na 7, jumla 42.
42 inatoa 1,762. 13 na 98, jumla 111.
111 inatoa 12,319. 96 na 31, jumla 127, yaani sifuri.

Nilipoifanya mara ya kwanza nilirudia hatua ya mwisho mara tatu, nikidhani nimekosea. Namba zinatapatapa, 67, 42, 111, bila dalili yoyote, halafu ghafla sifuri. Kwa 2,047 zinakwenda 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na hatua ya tisa inatoa 1,736. Si sifuri. Njia imetuambia 2,047 si tasa bila kutaja 23 wala 89.

Kwa 31 ni hatua 29, na miraba yake inafika tarakimu 19. Hapa ndipo simu inapoingia. Weka programu yoyote ya Python (lugha ya kuipa kompyuta maagizo) kwenye simu na uandike:

p = 31
m = 2**p - 1
s = 4
for i in range(p - 2):
    s = (s*s - 2) % m
print(s)

Itakuandikia 0. Badilisha 31 kwa 29, 37, 61, 89, 127, uone zipi zinatoa sifuri. Usijaribu kwa kikokotoo cha kawaida cha simu: miraba ya hapa inavuka tarakimu ambazo vikokotoo vingi hushika, kinakata mwisho kimyakimya, na tarakimu moja iliyokatwa inaharibu hatua zote zinazofuata.

Kutoka kumi hadi milioni arobaini na moja

Namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 2024 ilipatikana Oktoba mwaka huo na Mmarekani Luke Durant, kwenye mradi wa kujitolea wa kusaka namba tasa za Mersenne, uitwao GIMPS. Ni 2 kwa kipeo 136,279,841, kasoro moja. Zile mbinu zetu mbili za mwanzo zinaishughulikia kama kawaida. Zidisha 136,279,841 kwa 0.3010299957: unapata 41,024,319.95, kwa hiyo ina tarakimu 41,024,320. Ukiisoma tarakimu moja kwa sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya siku 474 na saa kadhaa.

Inaishia na nini? Tarakimu mbili za mwisho za vipeo vya mbili hurudia kila baada ya 20. Gawa 136,279,841 kwa 20, baki ni 1. Kwa hiyo mwisho wake ni sawa na wa 2²¹, ambayo ni 2,097,152. Toa moja kwenye 52: inaishia na 51. Umejua mkia wa namba ambayo hakuna mtu ataisoma yote.

Watu huniuliza kama namba hizi ndizo zinazolinda pesa za kwenye simu. Hapana. Ulinzi wa aina hiyo, pale unapotumia namba tasa, unataka namba za siri zilizookotwa ovyo, zenye tarakimu mia tatu hivi. Namba ya Durant inajulikana na kila mtu, haifai kuwa ufunguo wa kitu.

Mengine unayopaswa kuijua nayo

Zidisha 2³¹ − 1 kwa 2³⁰, unapata 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamili: ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, jumla inarudi kuwa ileile. Ndogo kabisa ni 6, maana 1 + 2 + 3 = 6, na inatoka kwenye 2² − 1 = 3 mara 2. Kila namba tasa ya Mersenne huzaa moja. Euler ndiye aliyeonyesha kwamba namba kamili za shufwa hazina chanzo kingine.

Toa moja kwenye namba yetu: 2,147,483,646 = 2 × 9 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Hii si mapambo. Kwa kuzijua hizo, inathibitika kwamba 7, na pia 16,807 ambayo ni 7 mara tano kwa kuzidishana, hupita mabaki yote bila kuruka hata moja. Anza na 1, zidisha kwa 16,807, chukua baki la 2,147,483,647, rudia: 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Ni daladala yenye njia moja tu, na vituo 2,147,483,646. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia hii kwa kuzalisha namba za kubahatisha kwenye kompyuta.

La mwisho linagusa mashine. Kompyuta inayohifadhi namba kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya hasi, haiwezi kwenda juu ya 2,147,483,647. Desemba 2014 video ya wimbo Gangnam Style ilivuka idadi hiyo ya kutazamwa kwenye YouTube, na kaunta ikalazimika kupanuliwa. Mashine nyingi pia huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Kwa zile ambazo bado ni za biti 32, sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Mwanza jua litakuwa halijachomoza. Mwezi utakuwa karibu kujaa, na dagaa huvuliwa gizani, kwa hiyo taa nyingi za wavuvi zitakuwa zimelala nyumbani. Sekunde itakayofuata, mashine ya namna hiyo itaruka kwenda hasi na kudhani ni tarehe 13 Desemba 1901, saa sita kasorobo usiku, reli kutoka Mombasa ikiwa bado haijafika ziwani.